Dakika Kumi na Tisa

Ijumaa, 1 Machi

Mwalimu ametupa kazi ya nyumbani, na mimi mwenyewe nina miaka hamsini na nane. Kila mmoja atafute daftari, aandike kila siku alichokiona, si alichokifikiria. Mshonaji, mama ambaye mkeka wake uko kulia kwangu, aliuliza kuna tofauti gani. Mwalimu akamjibu, "Andika mwezi mzima, halafu uniulize tena."

Nimechukua daftari la kazini, lile la kuandikia ukaguzi wa lifti. Nimetengeneza lifti miaka ishirini na saba na nimezoea kuandika kwa kifupi: imekaguliwa, imetiwa grisi, haina kasoro. Sijui kama nitaweza kurefusha.

Darasa la yoga liko ghorofani, juu ya duka la matairi, Jumanne na Ijumaa kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Chumba kina sakafu ya mbao, madirisha mawili, paa la bati lisilo na dari, na saa ya ukutani. Harufu ya mpira hupanda kupitia nyufa za mbao mpaka unaionja. Tuko tisa. Mimi nililetwa na mgongo. Daktari alisema ni mazoezi haya au kisu, na kisu nakiogopa. Nilidhani ni mambo ya vijana wa kwenye simu wanaojikunja kama waya. Huu ni mwezi wangu wa tano hapa, na naweza kufunga kamba za viatu bila kumwita mtu.

Mwalimu ni mwanamke wa miaka sitini na sita. Zamani alikuwa karani wa mahakama. Miaka thelathini kazi yake ilikuwa kuwaapisha watu, kisha kukaa pale akiwasikiliza wakidanganya. Anasema hivyo mwenyewe, wala hacheki.

Jumanne, 5 Machi

Nimekaripiwa. Mwisho wa kila darasa tunalala chali dakika saba, viganja juu, macho tumefumba. Mwalimu anauita mkao wa maiti na hataki kulilainisha jina hilo. Hatuinuki mpaka aseme. Mimi siwezi. Dakika moja tu ikipita, jicho la kushoto linafumbuka lenyewe na kuanza doria: saa, dirisha, nani anakoroma. Leo amenikamata tena.

"Mkaguzi," alisema kwa upole, ila wote wakasikia. "Fumba macho. Hakuna kitakachoanguka."

Wenzangu wakacheka wakiwa wamelala, matumbo yakirukaruka. Jina limeshaniganda. Nilipomsimulia mke wangu, naye ameanza kuniita hivyohivyo.

Jumatano, 6 Machi

Jengo la ofisi, ghorofa tisa. Kamba zimekaguliwa. Hakuna kasoro.

Ijumaa, 8 Machi

Nimechungulia mara mbili tu.

Jumanne, 12 Machi

Mvua imeanza. Juu ya bati lile haipigi, inamwagwa. Mwalimu alilazimika kupaza sauti, na sauti yake si ya kupazwa.

Tulipokuwa tunakunja mikeka, Mshonaji alisema dada yake amemwonya kwamba yoga itamtoa kwenye imani yake. Nilidhani Mwalimu atakasirika. Akakaa chini.

"Unaposali, unafumba macho?"

"Nafumba."

"Unakuwa wapi?"

Mshonaji akafikiri. "Kusema kweli, Mwalimu, mara nyingi niko dukani. Nawaza vitambaa vya watu."

"Basi. Mimi sikupi wa kumwomba, unaye tayari. Nakufundisha kuwapo unapomwomba."

Nikadakia, maana mdomo wangu hauna breki, "Na sisi tulioletwa na mgongo?"

"Mgongo wako ulipona mwezi wako wa pili hapa, Mkaguzi. Tangu hapo unakuja kutafuta nini?"

Akatuambia sote, bila kupaza sauti safari hii, kwamba mkono usipofika kwenye kidole cha mguu mtu auache usifike. Mwanafunzi anayejifanya amefika ndiye pekee ambaye yeye Mwalimu hawezi kumsaidia. "Huku kukunja na kukunjua kote," alisema, "ni ili siku moja ukae na ukweli bila kuukimbia. Basi. Mkitaka kuruka sarakasi kuna wengine wanafundisha."

Nimeyaandika yote. Mkono unauma.

Jumatano, 13 Machi

Mvua. Shimo la lifti pale hospitalini limeingia maji. Tumepiga pampu mpaka saa nane.

Ijumaa, 15 Machi

Leo nimefumba macho dakika saba zote.

Sijui kwa nini leo. Kazini tunafanya watu wawili, mimi na mwenzangu tunayemwita Mrefu, mmoja chini shimoni na mwingine juu kwenye mashine. Sheria yetu ni moja. Mmoja akisema neno redioni, mwingine analirudia kabla chochote hakijasogea. Sauti ikikatika, kila kitu kinasimama na unaita mpaka ujibiwe. Miaka ishirini na saba sijawahi kumwachia mtu mwingine anilindie, nikafumba macho kabisa. Leo nilisikia mvua, na baadaye sikuwa hata nasikia mvua, nilikuwa nimelala tu mahali nilipolala. Machozi yalitoka na kuingia masikioni. Hayakuwa ya huzuni.

Mlangoni Mwalimu aliniambia, "Leo hukunikagua." Nilifurahi kama mtoto aliyepewa alama nzuri, na nyumbani mke wangu akauliza nani kanichekesha njiani.

Jumanne, 19 Machi

Dakika saba. Sikuchungulia. Mvua haijakatika tangu juzi.

Ijumaa, 22 Machi

Ni saa tisa alasiri. Nitaandika kwa mpangilio kama ripoti ya ajali, kwa sababu sijui namna nyingine.

Saa moja na dakika ishirini na mbili Mwalimu alisema, "Laleni." Tukalala. Mvua ilikuwa kubwa kuliko siku zote. Nilifumba macho kwa wepesi, nikijivuna kidogo kwamba sasa nimezoea. Baada ya muda niliona kama dakika saba zimepita. Sikushangaa. Niliwaza kwamba Mwalimu ameona mvua hii hatuwezi kutoka nje, ametuongezea. Baadaye ilijulikana kwamba wote tisa tuliwaza hivyohivyo, na kila mmoja alimshukuru moyoni.

Kisha mvua ikapungua kidogo, nikasikia pumzi. Ilikuwa inakwama na kuachia, inakwama na kuachia, kama puli iliyoishiwa grisi. Tunayo mazoezi ya kupumua kwa koo yenye sauti inayokaribia ile. Nikadhani Mwalimu anafanya yake.

Nikafumbua jicho. Saa ya ukutani ilisema saa moja na dakika thelathini na moja. Mwalimu alikuwa kwenye mkeka wake mbele, ameegemea ukuta kwa bega la kushoto, mkono wa kulia umelala mapajani kiganja juu. Hajawahi kuegemea ukuta. Uso wake sikuuona vizuri, ulikuwa upande wa dirisha. Nikajiambia: umeanza tena, Mkaguzi. Nikafumba.

Nilifumba kwa makusudi. Nilifumba nikijipongeza.

Duka la matairi lilipofunguliwa, wakawasha kompresa ya kujazia upepo. Mshonaji alishtuka usingizini, akakaa, na ndiye aliyepiga kelele. Ilikuwa saa moja na dakika arobaini na moja. Mwalimu alikuwa ameteleza chini, upande wa mdomo unatoa mate. Mimi nilimbeba. Nilimshusha ngazi zote kumi na nane mikononi, mtu mmoja akinishika kiuno kwa nyuma nisianguke. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwama kwenye maji, kwa hiyo tulimpeleka kwa pikapu ya duka la matairi, tumemfunika turubai.

Kiharusi. Daktari alitoka akauliza, "Kilimwanza saa ngapi?" Tukatazamana. Mshonaji akasema, "Hatujui, daktari. Wote tulikuwa tumefumba macho."

Nikanyamaza. Daktari akaandika kitu, akarudi ndani.

Jumamosi, 23 Machi

Mgongo umerudi. Mke wangu amenikanda na kunisifu. Nimemwomba aache kunisifu, akadhani ni maumivu.

Jumapili, 24 Machi

Nimesoma niliyoandika tarehe 15. Sauti ikikatika, kila kitu kinasimama na unaita mpaka ujibiwe. Niliandika mwenyewe, kwa mkono huu.

Jumanne, 26 Machi

Tulikutana darasani bila yeye, maana hakuna aliyejua pengine pa kwenda. Tulifanya mazoezi kila mtu kwa kumbukumbu yake, vibaya. Ilipofika zamu ya kulala chali, tulilala wote tisa na hakuna aliyefumba. Tulitazama bati. Mshonaji akasema, kwa sauti ndogo, "Tungejuaje?" Mmoja akajibu, "Hakuna ambaye angejua." Neno hilo likazunguka hivyo, mkeka kwa mkeka, kila mtu akimpa mwenzake. Lilipofika kwangu nilisema, "Hakuna." Wakapumua.

Ijumaa, 29 Machi

Binti wa Mwalimu amefika kutoka mji anakofanya kazi. Ni mfamasia, mtoto pekee, ana miaka thelathini na kitu. Amefanana na mama yake kila mahali isipokuwa kwenye kucheka, huyu hucheka upesi hata akiwa na machozi.

Alinishika mikono yote miwili kwenye korido ya hospitali. "Baba, wameniambia wewe ndiye uliyembeba. Na mgongo wako huo."

"Mwanangu, mtu yeyote angembeba."

"Lakini ni wewe uliyembeba." Akanipa ufunguo wa chumba cha mazoezi. Alisema mama yake alikuwa akimwandikia habari zetu, na habari zangu zilikuwa nyingi kuliko za wengine. Kwamba kuna fundi mmoja hawezi kufumba macho, na siku alipofumba, mama alitaka kuwaimbia watu wa matairi kwa furaha.

Ufunguo uko mezani sasa hivi. Sijaugusa tangu nifike.

Jumanne, 2 Aprili

Nimeruhusiwa kumwona. Upande wa kulia wote hausogei na maneno yamekwenda. Anaelewa, muuguzi anasema, ila hakuna anayejua anaelewa kiasi gani. Aligeuza macho nilipoingia. Nilitazama dripu, nikatazama shuka, nikatazama viatu vyangu. Nilikaa dakika tano, nikasema mvua ni nyingi.

Kwenye korido nilimuuliza daktari, kama mtu anayeuliza habari ya jumla, kama dakika kumi zina uzito kwenye ugonjwa ule. "Kila dakika ina uzito," alisema. "Lakini kwa mgonjwa mmoja siwezi kukuambia ni dakika zipi." Nilitaka aseme ndiyo au hapana. Hata ndiyo ningeipokea.

Alhamisi, 4 Aprili

Mvua. Mlango wa ghorofa ya tatu unasita kufunga. Umerekebishwa.

Ijumaa, 5 Aprili

Redio ya Mrefu ilinyamaza akiwa shimoni. Nilisimamisha mashine na kuita. Niliita mara tatu, nikatupa redio, nikashuka ngazi za ghorofa saba nikipiga kelele kama mwendawazimu, watu wa maofisini wakitoka kunitazama. Nilimkuta Mrefu anabadilisha betri.

"Mzee, vipi? Kuna moto?"

Nilikaa kwenye ngazi nikalia mbele yake. Alisimama na tochi yake, hajui aimulike wapi. Mwishowe akaizima, akakaa kando yangu.

Jumanne, 9 Aprili

Nimemwambia mke wangu. Alikuwa anapasi nguo. Alisikiliza mpaka mwisho, akaiweka pasi wima, akaichomoa.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Basi usimwambie mtu."

"Yule binti ananiita baba."

"Ndiyo sababu." Hakuwa mkali. Alinisogelea akanishika shingo kwa nyuma, pale anaponishika kila siku nikiwa na homa. "Ukimwambia, utalala wewe. Yeye ndiye atakayekesha. Unataka kumvua huzuni au kujivua wewe?"

Nimetafuta jibu tangu jioni. Mke wangu si mwoga wala si mwongo. Inawezekana kabisa ana haki. Ninachojua ni kwamba kila ninapoushika ufunguo ule nakuwa mtu mwingine, mtu anayesifiwa, na huyo simpendi.

Ijumaa, 12 Aprili

Wamenilazimisha niongoze darasa kwa sababu ufunguo ni wangu. Nilihesabu pumzi kama ninavyohesabu kamba, haraka mno, wakabaki wanahema. Mshonaji akasema tumekuja kupumua, hatukuja kukimbizana. Tulicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Kisha yule anayelala karibu na dirisha alinyoosha mkono, haukufika mguuni, akauacha hapo ulipokoma. Nikageukia ukuta nikajidai nafungua dirisha.

Jumanne, 16 Aprili

Hali yake si nzuri. Mapafu yameanza kuingia maji.

Nilikaa kwenye kiti kando ya kitanda. Binti alikuwa ameenda kuoga. Mwalimu alikuwa amefumba macho, na hilo lilinirahisishia. Nikaanza kufuata pumzi zake, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kufanya nilichofundishwa vizuri. Yake ikiingia, yangu inaingia. Yake ikikawia, nasubiri. Sikuomba apone, wala sikuwa napanga maneno. Kwa robo saa hivi nilikuwa palepale nilipokuwa, na yeye palepale alipokuwa, na hakukuwa na kitu kati yetu.

Nikaelewa kwa nini alituchosha miezi yote ile. Siri zilizojificha kwenye viungo hazikumhusu, wala sijui kama zipo. Alitaka mtu akiwa anakwenda, awe na mwenzake aliye pale kweli, asiyekimbilia dukani wala kwenye saa wala kwenye sifa zake mwenyewe. Kumbe ndicho kitu kimoja nilichokuwa na nafasi ya kumpa siku ile, na sikumpa.

Alifumbua macho. Nikainuka haraka nikasema namwita muuguzi.

Ijumaa, 19 Aprili

Leo nilikwenda kumwambia. Nimeamua kwamba yeye ndiye wa kwanza, wengine baadaye. Nilijizoeza kwenye ngazi: Mwalimu, nilifumbua macho, nikakuona, nikafumba. Maneno matano. Nilipofika, binti alikuwa anampaka mafuta miguuni, anamsimulia mambo ya kazini kwake, na Mwalimu alikuwa akimtazama bila kupepesa. Binti akasema, "Mama, tazama nani kaja." Akanitazama mimi.

Sikuweza kuyastahimili macho yale. Nikasema mvua imepungua. Jumanne nitasema.

Jumatatu, 22 Aprili

Mvua imerudi. Mrefu anaumwa, nimefanya kazi na mtu mgeni. Anarudia maneno vizuri.

Jumanne, 23 Aprili

Amefariki saa kumi na moja alfajiri. Binti alinipigia simu mimi kabla ya jamaa zake.

Alhamisi, 25 Aprili

Tumemzika. Udongo ulikuwa mzito, umelowa, unanata kwenye majembe.

Binti alizungumza mbele ya watu wote. Alisema mama yake hakufa mikononi mwa wageni, na akanyoosha kidole kwangu. Alisema, "Yule pale ndiye aliyemwinua mama yangu." Watu wakageuka. Mzee mmoja nisiyemfahamu alinishika bega. Mke wangu, ubavuni kwangu, alinibana mkono kwa nguvu, na sikujua kama ananiambia ninyamaze au nistahimili. Nilisimama pale nikasifiwa.

Ijumaa, 26 Aprili

Hapana darasa.

Jumatano, 1 Mei

Sijaandika. Nilikuwa sina nililoliona.

Ijumaa, 3 Mei

Darasa limenirudia, watu saba. Nimejifunza kuhesabu polepole. Wakilala chali mimi sikai kwenye mkeka wa mbele, natembea kwa soksi katikati yao nikiwatazama mmoja mmoja, kifua kinapanda, kifua kinashuka. Mshonaji anasema anasikia mbao zinalia na anapata usingizi mzuri.

Jioni nilimwambia mke wangu kwamba nitamwambia binti. "Basi mwambie lote," alisema. "Usimwambie nusu ukarudi hapa na nusu nyingine."

Jumanne, 7 Mei

Binti atakuja Ijumaa kuchukua vitu vya mama yake.

Ijumaa, 10 Mei

Alikuja wenzangu walipokwisha kuondoka. Vitu vyenyewe vilikuwa vichache: blanketi, mkeka, kikombe cha bati, sweta. Aliinusa sweta, akacheka, akalia, akaikunja. Nilisubiri amalize kuikunja.

"Mwanangu, siku ile nilifumbua macho."

Akaniangalia, hajaelewa bado.

"Si wote tuliokuwa tumefumba. Mimi nilifumbua, nikamwona mama yako ameegemea ukuta. Pumzi yake nilikuwa nimeisikia. Kisha nikafumba tena."

Akashika blanketi, akaanza kulikunja na lenyewe. "Saa ngapi?"

"Saa moja na dakika thelathini na moja."

"Na mlimwinua saa ngapi?"

"Na arobaini na moja."

Hakuhitaji kuhesabu. "Dakika kumi," alisema.

"Ndiyo."

"Nilikusifu mbele ya watu."

"Ndiyo."

"Ukasimama pale."

"Nilisimama."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, hata kwa kofi. Hakupandisha sauti. Alisema, "Naomba ufunguo," nami nikautoa mfukoni nikauweka juu ya kikombe, kwa sababu mkono wake hakuunyoosha. Nikaenda mlangoni nikaanza kuvaa viatu. Nilikuwa kwenye kiatu cha pili alipouliza, amenipa mgongo.

"Macho yake yalikuwaje?"

Hapa kuna jambo la kuandika. Tarehe 22 Machi niliandika humu kwamba uso wake sikuuona vizuri, ulikuwa upande wa dirisha. Si kweli. Daftari hili halisomwi na mtu mwingine, na bado nililidanganya. Mke wangu naye nilimwambia hivyohivyo.

"Yalikuwa wazi," nilisema. "Alikuwa ananitazama mimi. Mdomo wake ulikuwa umekwenda upande, nikadhani ananicheka kwa sababu amenikamata nachungulia. Nikaona haya. Ndiyo sababu nikafumba."

Alikaa chini, hapohapo alipokuwa, blanketi mikononi. Chini yetu waliwasha kompresa, ikanguruma mpaka ikajaa, ikazima. Nilibaki mlangoni na kiatu kimoja kimefungwa. Sikutazama saa.

"Hapo ungeweza kunidanganya," alisema mwishowe. "Ungesema alikuwa amefumba. Ningekuamini, na ningelala."

"Najua," nilisema.

"Ondoka."

Nikaondoka, nikauvuta mlango taratibu ili usigonge.